Prosesa Mpya na Kitabu cha Kaka

Siku niliyomwita fundi aje kubadilisha prosesa ya kompyuta yangu, nilimpa sharti moja: asifute mashine na kupiga windows upya. Ndani ya mashine ile mlikuwa na kitabu cha maneno ya Kifipa alichokuwa akikitunga kaka yangu, na kitabu hicho hakikuwa mahali pengine popote duniani. Naanza na hilo ili nisije nikapata pa kujificha huko mbele.

Kaka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kati yake na mimi walizaliwa watoto wawili wakafa wachanga, kwa hiyo yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama akienda shamba. Alifundisha Milepa kule bondeni, joto likamchosha, akahamishiwa shule moja ya upande wa Kaengesa, na alipostaafu akajenga Kasense, ambako unaweza kufika mjini kwa miguu kabla jua halijawa kali. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaajiriwa karani wa stoo katika shirika la umma. Shirika likauzwa. Tulipunguzwa kazini wengi kwa siku moja, tukapewa kiinua mgongo na kupeana mikono. Miaka ile kila aliyepunguzwa kazi alifungua kitu mjini Sumbawanga. Mmoja alikodisha baiskeli, mwingine alionyesha video, mwingine aliuza mitumba iliyopita Tunduma. Mimi nilifungua steshenari ya kuchapa barua. Kompyuta ilikuja kutoka Dar es Salaam ikiwa imetumika, juu ya lori lililokuwa linafuata mahindi, imeviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa.

Kitabu cha kaka kilianzia msibani. Alikuwa amesimama kusema neno kwa niaba ya ukoo, akafika kwenye methali ambayo kila mtu pale aliijua, akakwama katikati. Wazee wakadhani ni majonzi, wakamsaidia kuimalizia. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Maneno yananitoka, mdogo wangu. Nikiamka asubuhi naona kama kuna mtu ameingia usiku akachukua machache."

Nilicheka. Nilimwambia ni uzee, na uzee hauna dawa.

"Dawa ipo," alisema. "Nitayaandika kabla hajamaliza kubeba."

Akaanza kuandika katika madaftari ya shule, neno la Kifipa kushoto, maana yake kwa Kiswahili kulia, na chini yake namna linavyotumika. Alikuwa na mwandiko mzuri wa ubaoni, lakini mkono ulikuwa umeanza kutetemeka na kadiri alivyoendelea mistari ilipanda na kushuka kama njia ya mlimani. Siku moja akaniletea madaftari yote steshenari. Nikayachapa mchana mchana, wateja walipokuwa wachache. Tulipoyamaliza tukaona hakuna haja ya daftari tena. Kaka alikuwa anakuja baada ya chakula, anakaa kwenye kigoda karibu na meza yangu, anatamka, mimi nagonga.

Yale madaftari, mimi ndiye niliyemwambia hayana kazi. "Karatasi inaliwa na mchwa, kaka. Mashine hailiwi." Mke wangu alikuwa anauza karanga mlangoni pa steshenari na alihitaji karatasi za kufungia. Nikampa. Kurasa za kaka zikasambaa mjini zikiwa zimesokotwa vifuko vya karanga. Kuna muuza viazi mmoja aliyerudi siku ya pili amekishika kifuko kilichokwisha, akamwambia kaka, "Mwalimu, jana nimekula karanga zako nimekutana na neno la bibi yangu. Nina miaka sijalisikia." Kaka akafurahi sana. Akamfundisha na matamshi yake palepale. Wala hakuona ubaya, kwa sababu nilikuwa nimemhakikishia.

Palikuwa na nakala moja kwenye flopi. Bwana mmoja wa mradi wa visima akaja na haraka, ripoti yake iko tayari na anataka kuondoka nayo, na mimi sina flopi tupu. Nikaifuta ile ya kaka nikamwekea ripoti. Nilijiambia nitanakili tena nikipata nyingine. Flopi nyingine nilizipata, nyingi tu, na kila mara zilikuwa na kazi ya mteja.

Kadiri kitabu kilivyonenepa ndivyo mashine ilivyochoka. Kaka anatamka neno, mimi nagonga, halafu sote wawili tunaukodolea macho ukurasa mweupe tukingoja herufi zitokee. Wakati mwingine zilitokea tukiwa tumeshasahau tulikuwa tunaandika nini. Na ng'ambo ya barabara kijana mmoja alikuwa amefungua steshenari yake, mashine zake mpya, na wateja wangu nilikuwa nawaona wakivuka barabara bila kugeuka nyuma. Nilimwambia kaka naweka prosesa yenye nguvu kwa ajili ya kitabu. Nusu yake ilikuwa kweli.

Fundi alitoka Mbeya. Alikuwa kijana mchangamfu, anazunguka miji yetu na begi la bisibisi, analala gesti, anatengeneza chochote chenye waya. Prosesa aliinunua Tunduma, akaja nayo imefungwa katika ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Ilikuwa na ukubwa wa biskuti.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," kaka akamjibu. "Tulidhani umeghairi."

"Niliogopa, mzee. Huko kwetu wanasema Sumbawanga kompyuta mnaziwasha kwa radi."

"Radi tunawawekea mafundi wanaochelewa."

Kijana akacheka, akakaa chini, akafungua sanduku la kompyuta. Alinieleza kwamba njia nzuri ni kuifuta mashine yote na kupiga windows upya, halafu itakuwa nyepesi kama imetoka dukani. Nikampa lile sharti langu. Akajikuna kichwa. Akasema inawezekana, amewahi kufanya, ila windows ya zamani itaamka ikute imewekewa kichwa kigeni. Inaweza kukikubali, inaweza kukikataa.

"Na kitabu changu?" kaka akauliza.

"Kitabu kiko kwenye diski, mzee. Prosesa ni ya kufikiri, diski ni ghala. Mimi leo siendi ghalani."

"Basi badilisha kichwa, mwanangu. Mlango wa ghala usiuguse."

Akaichomoa prosesa ya zamani, akasogeza vipini vidogo kwenye bodi kwa ncha ya bisibisi huku akisoma namba zilizochapwa pale, akaipachika mpya. Ile ya zamani ilikuwa na bati la kupoozea tu, lenye meno kama kitana. Hii mpya, alisema, inachemka zaidi, lazima ipate feni. Alikuwa na feni begini, lakini vishikizo vyake havikuingia kwenye bodi yangu. Akajaribu, akageuza, ikagoma.

"Mzee, tuirudishe ya zamani. Nikifika Mbeya nitatafuta feni inayokaa hapa, nirudi nayo."

Ilikuwa Juni. Watu wa huko nje hawajui Juni ya Ufipa. Upepo unavuka uwanda wote bila kukutana na mti wa kuuzuia, maji ya kunawa yanauma meno, na wateja wangu walikuwa wanasaini barua wakiwa wamejifunga blanketi. Baridi hii sisi tuna majivuno nayo. Mgeni akitetemeka tunamwonea fahari kana kwamba ni sisi tulioipika. Nikamwambia fundi, "Feni ni za watu wa Milepa. Sisi hapa tumezaliwa ndani ya feni."

Kaka akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa ameishi Milepa, anajua.

"Kweli mzee, lakini hii ni mashine—"

"Mashine gani itachemka hapa? Wewe mwenyewe umevaa makoti mawili."

Akajitazama, akacheka na yeye. "Haya. Baridi yenu, mashine yenu."

Tukafunga lile bati la zamani juu ya prosesa mpya. Nikamwambia aliache sanduku wazi, nikalisogeza mpaka dirishani upande unaovuma upepo. Hiyo niliiona ni akili kubwa. Aliwasha. Windows ikaamka polepole, ikaona kichwa kigeni, ikauliza maswali mawili matatu, fundi akajibu, ikataka kuzimwa na kuwashwa tena. Kaka alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Ilipowaka mara ya pili nilifungua kitabu kabla ya kitu kingine chochote. Kikafunguka palepale. Kaka akataka kuona neno la kwanza, kisha akataka kuona la mwisho, kisha akanitajia moja la katikati nilitafute. Yote yalikuwepo.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Kaka alikuwa anatamka na mimi sibaki nyuma. Alileta maneno ya kulima intumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani yaoze, na kila hatua ya kutengeneza tuta moja ina neno lake. Alileta maneno ya malungu, tanuri za kuyeyushia chuma za babu zetu, ambayo yeye aliyasikia kwa baba naye baba aliyasikia kwa wengine. Mengine aliyaleta akiwa anakimbia, anaanza kulitamka kabla hajavuka kizingiti, asije akalipoteza kabla ya kukaa. Wateja walirudi pia. Baba mmoja mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukuma alikuwa akija kuchapisha maombi ya eneo la malisho, akitukuta sisi wawili tunabishana neno anakaa kusikiliza. "Ninyi Wafipa," alisema siku moja, "neno moja mnalizunguka kama fisi na mfupa." Kaka akamjibu kwamba fisi akiuacha mfupa, mbwa wa Kisukuma ataubeba.

Fundi aliniletea salamu kwa kondakta wa basi kwamba feni imepatikana, nimtumie nauli aje kuifunga. Nikamwambia kondakta, "Mwambie mashine haijakohoa hata siku moja."

Mwezi wa tisa upepo ulitulia. Nyasi zikaanza kuchomwa, moshi ukawa unakaa juu ya mji tangu asubuhi, jua likawa la kisogoni. Hata kwetu ule mwezi wa kungoja mvua una joto lake, na mimi nimezaliwa pale, nilijua. Mashine ikaanza kuganda saa za mchana. Unagonga, hakuna kinachosogea, mshale umesimama katikati ya skrini. Nilikuwa nazima kwenye swichi ya ukutani, nawasha tena. Inaleta ukurasa wa buluu ikitaka kukagua diski, nami nina mteja mbele yangu, nabonyeza kitufe kuruka ukaguzi. Naruka leo, naruka kesho. Nikaona vumbi ndilo tatizo, nikanunua kitambaa cha kufunikia sanduku. Nilikifunika chombo kilichokuwa kinaungua.

Siku kitabu kilipovunjika kaka hakuwepo, alikuwa amekwenda Kaengesa kwenye matanga ya shemeji yake. Mashine iliganda nilipokuwa nahifadhi maneno aliyoniachia jana yake. Nilipowasha na kufungua, kurasa za mwanzo zilikuwa vijisanduku na alama zisizosomeka, kisha pakatokea nusu ukurasa salama, kisha vijisanduku tena mpaka mwisho. Pembeni yalikuwa yamezaliwa mafaili ambayo sikuyatengeneza, hayana majina, yana namba tu. Nilifungua moja nikakuta kipande cha maneno ya intumba. Nilifungua jingine halikufunguka.

Nilimpigia fundi simu ya posta. Alikuja na basi la kesho yake, feni mfukoni. Akafunua kile kitambaa, akagusa bati la prosesa, akaondoa kidole haraka.

"Mzee, hapa ungekaanga yai."

Nilikikunja kile kitambaa nikakitupa chini ya meza.

"Ile baridi imekwenda wapi?"

"Angalia kitabu," nilimwambia.

Akaangalia. Aliacha utani. Akanieleza taratibu kwamba diski haijafa, kitabu kimekatika vipande na vipande vingi bado vimo. Kuna mwenzake Mbeya ana programu ya kuviokota na kuviunganisha. Anataka kuichomoa diski aende nayo, na mimi nisiwashe mashine tena kabisa, kwa sababu kila nikiwasha inaandika kitu juu ya vile vipande.

"Utakaa nayo muda gani?"

"Siwezi kukudanganya mzee. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mwezi."

Nje mlangoni palikuwa na watu. Ulikuwa msimu wa maombi ya vyuo, wazazi wametoka vijijini na vyeti vya watoto wao ndani ya mifuko ya plastiki, wengine wamekwishaanza kutazama ng'ambo ya barabara. Yule kijana alikuwa amesimama mlangoni pake amekunja mikono, anawangoja.

"Na nikitaka kufanya kazi leo?"

"Leo?" Fundi akanitazama. "Leo ni mpaka nisafishe diski yote, nipige windows upya. Nikifunga na hii feni, kabla ya jioni unachapa."

"Piga."

"Na kitabu cha mzee?"

"Tutaandika tena," nilisema. "Mwenyewe si yupo hai?"

Hakuanza. Alikaa na sidii ya windows mkononi. "Mzee, nikishabonyeza hapa hata yule wa Mbeya hawezi tena. Tumngoje mwalimu arudi, aseme mwenyewe."

"Mashine ni yake au ni yangu?"

Akabonyeza. Namba za asilimia zikawa zinapanda kwenye skrini, na mimi nilikuwa mlangoni nawaambia wazazi wavumilie kidogo, mashine inakaribia.

Nimewahi kuwasimulia watu kwamba kitabu cha kaka kiliuawa na joto. Wengine niliwaambia umeme. Joto lilikivunja, na lile joto nililiita mimi, lakini aliyekifuta ni mimi nikiwa nimeonywa. Prosesa niliibadilisha bila kupiga windows ili kitabu kipone, na kilipona. Miezi michache baadaye nikapiga windows kwa ajili ya foleni ya mchana mmoja.

Kaka alirudi kutoka Kaengesa akapitia steshenari kabla ya kufika kwake. Alikuwa amepata maneno mapya kwa bibi mmoja kule matangani, ameyashika kwa vidole, kila neno na kidole chake, ameyakunja asiyaachie. Nilimwambia hapo hapo, kwa sababu niliona akianza kukunjua kidole cha kwanza.

"Kaka, kitabu hakipo."

"Hakipo, kimekwenda wapi?"

"Kimefutika."

Akaitazama mashine. Ilikuwa inafanya kazi vizuri, feni yake inavuma.

"Kimefutika? Kwani nilikiandika kwa chaki?"

Nikamweleza yote, feni, joto, vipande, Mbeya, foleni. Alinisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mtoto aliyechelewa shule, bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, madaftari yako wapi. Mke wangu alikuwa mlangoni anafunga karanga kwa magazeti. Kaka alifuata macho yangu, akamwona, akaelewa. Vidole vyake vilikuwa bado vimekunjwa. Akavikunjua vyote kwa pamoja, akachukua kofia yake mezani.

"Haya, bwana," alisema. "Asante. Endelea na kazi."

Alisema kwa Kiswahili. Mimi na kaka, tangu anibebe mgongoni, hatukuwahi kusemeshana Kiswahili tukiwa peke yetu. Kiswahili kilikuwa cha wateja na cha ofisini. Nilidhani ni hasira ya siku moja. Lakini tulipokutana kanisani alinisalimu kwa Kiswahili, na kwenye kikao cha ukoo aliongea Kifipa na wote, akinigeukia mimi anabadilisha. Kiswahili safi, cha darasani, cha heshima. Nikienda kwake ananiambia karibu kiti, bwana. Nikiaga ananiambia karibu tena. Shemeji, mke wake, alinishika mkono siku moja nje akaniuliza, "Kwani mmekosana nini ninyi? Anakusemesha kama bwana kodi." Nikamuaga.

Nilijaribu kurekebisha. Nilinunua kitabu kikubwa cha jalada gumu nikaenda nacho Kasense. Hakunikatalia. Akakaa, akaanza kunitamkia, neno, maana, mfano. Tulikwenda vizuri kidogo, kisha akasimama. Akasema, "Hapa palikuwa na neno." Tukangoja. Alikumbuka mahali pake kwenye ukurasa, akasema lilikuwa chini ya lile la kumwaga mbegu, tena lilikuwa fupi, tena bibi yetu alipenda kulisema. Neno lenyewe halikuja. Tukaliruka. Baada ya mengine machache akasimama tena. Siku ya tatu au ya nne alikifunga kile kitabu kwa mikono yake inayotetemeka akanirudishia.

"Tusidanganyane, bwana," alisema. "Haya yaliyobaki hata wewe unayajua."

Yule mwizi wake wa usiku hakupumzika. Steshenari yangu ilikufa, yule wa ng'ambo ya barabara aliongeza chumba. Kompyuta niliiuza kwa mtu wa Laela aliyetaka kuonyeshea filamu. Kaka alianza kusahau majina ya walimu wenzake, kisha njia ya kanisani, kisha akawa anawaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokufa. Watu walinihurumia kwa kuwa na kaka wa hivyo. Mimi nilikuwa nakwenda Kasense kila Jumapili, nakaa naye, ananisemesha Kiswahili chake cha heshima kila siku kifupi zaidi, narudi.

Jumapili moja, baada ya mavuno, nilimkuta nje ameota jua karibu na kihenge. Kihenge kilikuwa kimejaa, paa lake la nyasi limeinuliwa upande mmoja na kuegemezwa kijiti chenye panda ili mahindi yapate hewa. Kabla sijamwamkia aliniita kwa Kifipa. Aliniita jina la utoto ambalo mama ndiye aliyelizoea. Akaniambia nikae chini, kuna jua zuri, mbona nimekonda, nyumbani hawapiki?

Nilikaa. Hasira ilikuwa imemtoka pamoja na mengine. Nilifurahi, nikaona aibu kwa kufurahi, maana nilijua alichokipoteza ndipo nikasamehewa. Tuliongea muda mrefu kuhusu mvua, kuhusu baba, kuhusu mbuzi mmoja aliyekuwa anakula nguo za watu tukiwa wadogo. Alicheka kwa sauti yake ileile.

Halafu akanyoosha fimbo akagusa kile kijiti chenye panda kilichoshikilia paa la kihenge.

"Hiki tunakiitaje?"

Nilikuwa nimelichapa neno hilo. Niliikumbuka ile siku, kwamba alipolitamka aliongeza na msemo wa kumcheka mgeni anayeomba chakula huku akitazama kihenge kilichofunguliwa, na kwamba nililigonga vibaya mara ya kwanza akanisahihisha. Nilikumbuka hata mahali jua lilipokuwa mezani. Nilijaribu. Tukawa tunatafuta wote wawili, naona midomo yake ikijaribu herufi moja, kisha nyingine. Shemeji alipita na ndoo, nikamuuliza. Akasema yeye siku zote husema tu, lete kile kijiti.

"Silijui, kaka," nilimwambia mwishoni.

Akanipigapiga gotini.

"Usihangaike. Jina lake limo kwenye kompyuta yako. Kesho ukifungua, litafute, uje uniambie."

Nilitazama chini.

"Umenisikia?"

"Ndiyo, kaka. Nitalitafuta."

"Usisahau. Wewe una kichwa cha kusahau."

Akainuka kwa taabu, akaishika nyasi ya paa kwa mkono mmoja, akakichomoa kile kijiti, paa likashuka likakifunika kihenge. Kijiti akanikabidhi mimi niende nacho mjini, nisije nikafika kule nikasahau ni kitu gani nilichotumwa kukitafutia jina.